Neno "get": maana zake, asili yake, na mahali linapomkwaza anayewaza kwa Kiswahili

Swali: "Nafanya kazi katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini Tanga, na barua pepe zangu nyingi ni za Kiingereza. Meneja amenikataza kutumia get, anasema ni Kiingereza cha mtaani. Lakini wateja wetu wa Uingereza na Marekani wanalitumia kila wakati: got, have got, get back, na yule wa Marekani huandika gotten. Kamusi yangu inatoa maana zaidi ya ishirini. Neno hili lina maana gani hasa, limetoka wapi, na nilitumie vipi nisionekane sijui lugha?"

Jibu:

Ndugu, weka kamusi pembeni kwanza. Maana zile ishirini na kitu zimechipuka kwenye shina moja, na ukilijua shina hilo hutahitaji kukariri matawi. Get husema kwamba kuna badiliko limetokea: mtu hakuwa na kitu, sasa anacho, alikuwa kule, sasa yuko hapa, alikuwa katika hali ile, sasa yuko katika hali hii. Have na be hueleza hali ilivyo, get hueleza ilivyoanza. I have a permit, ninacho kibali. I got a permit on Monday, nilikipata Jumatatu. I'm at home, niko nyumbani. I got home at six, nilifika saa kumi na mbili. I'm tired, nimechoka. I'm getting tired, naanza kuchoka.

Baada ya hapo, swali la kujiuliza kila ukutanapo na get ni moja tu: neno gani linafuata? Hilo ndilo linaloamua maana.

Tuanze na nomino, maana hapo ndipo makosa mengi yanapotokea. Get ikifuatwa na jina la kitu huwa ni kupata, kupokea, kununua, kwenda kuchukua, au kuelewa. We got your email, tumepokea barua pepe yako. Can you get the file from the cabinet? Kalete lile faili kabatini. Hapa kuna kwenda na kurudi nalo. Can you get the phone? Pokea simu inayoita. Can you get the door? Kafungue, kuna mtu anabisha. I don't get it, sielewi. Na kama vile Kiswahili kinavyomwingiza mtu ndani ya kitenzi kwa kauli ya kutendea (niitie teksi, nitafutie kalamu), Kiingereza humweka mtu mara tu baada ya get: get me a taxi, get me a pen.

Kuhusu maana ya kuelewa kuna jambo dogo la kurekebisha. Walimu na wasemaji wengi wa Afrika Mashariki huuliza Are you getting me?, moja kwa moja kutoka "mnanipata?" Vitenzi vya Kiingereza vinavyohusu kujua na kuelewa, kama know na understand, kwa kawaida havikai na -ing, na get ikibeba maana hiyo hufuata desturi yao. Sema Do you get what I mean?, au kwa heshima zaidi, Is that clear?

Sasa mtego wenyewe. Sisi tumefundishwa kwamba get ni kupata, na kwa sehemu kubwa ni kweli: get a job, get a visa, get permission, get a chance, get malaria, zote ni sahihi neno kwa neno. Lakini Kiswahili kinalituma neno kupata mahali pengi ambapo Kiingereza hakimtumi get. Nilipata ajali si I got an accident. Ni I had an accident. Kampuni imepata hasara ni The company made a loss, na faida vilevile, made a profit. Tumepata shida bandarini ni We had problems au We ran into problems at the port. Dada amepata mtoto ni She's had a baby. Ukisema She got a baby, Mwingereza atasita kidogo, kwa sababu inasikika kana kwamba mtoto alitolewa mahali akakabidhiwa. Nilipata usingizi ni I fell asleep, ingawa Get some sleep, yaani kalale kidogo, ni sahihi kabisa. Mgonjwa amepata fahamu ni The patient has come round, au kwa lugha ya hospitali, has regained consciousness.

Hakuna sheria moja inayozipanga zote hizi, lakini kuna mwelekeo unaosaidia. Matukio yanayomfika mtu, kama ajali, kuzaa, chakula cha mchana au matatizo, huchukua have. Mambo ya hesabu za biashara, faida na hasara, huchukua make. Vitu unavyokabidhiwa na magonjwa unayoambukizwa huchukua get. Hata kwenye magonjwa angalia tofauti ya get na have: I have a headache ni kichwa kinaniuma sasa hivi, I get headaches ni huwa kinaniuma mara kwa mara. Daktari akikuuliza Do you get headaches?, anauliza kuhusu mazoea ya mwili wako, si kuhusu dakika hiyo.

Get ikifuatwa na kivumishi huwa na maana ya kuingia katika hali. Hapa msemaji wa Kiswahili ana jambo la kulifahamu vizuri, kwa sababu lugha zetu mbili zimejengwa tofauti kabisa. Kiswahili huliweka badiliko ndani ya kitenzi chenyewe: kuchoka, kuzeeka, kunenepa, kukonda, kulowa, kuchafuka, kukasirika, kulewa, kupotea. Kiingereza mara nyingi hakina kitenzi kimoja cha namna hiyo. Kina kivumishi kinachotaja hali, na get ndiyo inayolisukuma neno hilo liwe badiliko: get tired, get old, get fat, get thin, get wet, get dirty, get angry, get drunk, get lost. Kwa hiyo get ya namna hii haina tafsiri ya neno moja, imezama ndani ya kitenzi chetu. Anayetafuta neno la Kiswahili la kuliweka badala yake hatalipata.

Ugumu unakuja kwenye kiambishi -me-. Nimelowa kwa Kiswahili hubeba mambo mawili kwa pamoja: badiliko limekwisha kutokea, na sasa niko katika hali hiyo. Kiingereza hutenganisha. Unapotaka kusema hali uliyonayo sasa, tumia be: I'm wet. Unapotaka kusema tukio, tumia get: I got wet on the way. Unapotaka kusema linaendelea: I'm getting wet. Kwa kuwa shuleni tulizoeshwa kwamba -me- ni have, wengi huandika I have tired au I have angry, na hapo sentensi inavunjika, kwa sababu tired na angry ni vivumishi na have haiwezi kuvibeba peke yake.

Kuna vivumishi vinavyokataa get na kutaka go. Chakula kinachoharibika, mwili unaopoteza uwezo, na nywele zinazobadilika rangi huenda na go: the fish has gone bad, he went blind, her hair has gone grey. Kampuni inayofilisika nayo goes bankrupt. Na get haiwezi kubeba nomino kwa maana ya "kuwa". He became a teacher ni akawa mwalimu. He got a teacher ni alipata mwalimu wa kumfundisha. Hili nimeliona hata katika wasifu wa watu walioomba kazi, na linabadilisha kabisa alichokusudia mwandishi.

Mahali ni rahisi zaidi. Get to ni kufika: How do I get to the port? Maneno home, here na there hayataki to, kwa hiyo ni get home na get there. Sisi tuna mazoea ya kuandika I have reached kwa maana ya nimefika. Reach hudai mahali pake patajwe, kwa hiyo andika I've arrived au I'm here. Kwenye vyombo vya usafiri, get on na get off ni za basi, treni, ndege, meli na chochote unachokikalia kwa kupanda kama pikipiki na baiskeli. Get in na get out of ni za gari dogo, teksi, bajaji na mtumbwi, yaani chombo unachoingia kwa kuinama na kukaa. Ukitaka kushuka kwenye basi, I'm getting off here.

Tuje kwenye got yenye maana ya kutendwa, kwa sababu wewe unaandika habari za mizigo kila siku. The container got damaged na The container was damaged zote ni kontena limeharibika. Was inatoa taarifa. Got inatilia mkazo tukio lenyewe, mara nyingi tukio baya au la bahati ambalo hakuna aliyelipanga: got fired, got robbed, got delayed, got promoted. Ndiyo maana inasikika ya mazungumzo na haifai kwenye ripoti ya bima. Tena haikubali vitenzi vya hali ya kudumu. Husemi The goods got owned by Mr. X wala He got known. Hapo hakuna tukio, kuna hali tu.

Katika fungu hilo ndimo alimo got married, na ndoa ina matatizo yake. Kiswahili kinatofautisha anayeoa na anayeolewa. Kiingereza hakitofautishi: mume kwa mke, wote got married. Kihusishi chake ni to: She got married to a doctor, She's married to a doctor. Married with ni kosa linalotokana na "kuoana na". Married by ni kosa zito zaidi, kwa sababu Kiingereza kinalo, ila kinamtaja padri, sheikh au msajili aliyefungisha ndoa. Ukiandika She was married by Dr. Juma, umesema Dokta Juma ndiye aliyewafungisha. Nilioa 2015 ni I got married in 2015, nimeoa ni I'm married.

Jambo lingine la kauli ya kutendwa linawaumbua hata wasemaji wazuri. Kiswahili kinaruhusu "nimeibiwa simu": mimi ndiye niliyefanyiwa, na simu ipo palepale baada ya kitenzi. Ukiihamisha kama ilivyo unapata I was stolen my phone, ambayo kwa Kiingereza inasema wewe ndiye uliyebebwa na mwizi. Njia za kuisema ni tatu. My phone was stolen, ya kawaida na inayofaa popote. My phone got stolen, ya mazungumzo. I had my phone stolen, inayomweka aliyepatwa mbele kama Kiswahili kinavyopenda. Kwa ripoti ya polisi au ya bima tumia ya kwanza.

Mpangilio huo wa tatu, mtu, kitenzi, kitu, kisha neno la kutendwa, unatupeleka kwenye kufanyiwa kazi. I got my phone repaired ni nimetengenezesha simu, fundi ndiye aliyefanya. I repaired my phone ni nimeitengeneza mwenyewe kwa mikono yangu. Waswahili wengi wanasema ya pili wakimaanisha ya kwanza, kwa kuwa kwetu "nimetengeneza gari" inaeleweka kwamba ulilipeleka gereji. Mteja akisoma We inspected the cargo anaamini ni nyinyi mliokagua. Kama mlimwita mkaguzi, andika We got the cargo inspected, au kwa urasmi zaidi, We had the cargo inspected. Hiyo ni tofauti ya nani anabeba lawama mzigo ukikutwa na kasoro, kwa hiyo itazame kila mara. Na mpangilio usiugeuze: kitu kwanza, kisha repaired au inspected. I got repaired my phone haipo.

Ukimtaja mtu anayefanya, kuna vitenzi vitatu na kila kimoja kina uzito wake. I made the driver wait: nilimlazimisha, au jambo fulani lilimzuia. I had the driver wait: nilimwagiza, ni kazi yake. I got the driver to wait: nilimshawishi, ilichukua maneno kidogo. Angalia kwamba get peke yake ndiyo inayotaka to. I got him wait ni kosa, na I made him to wait ni kosa la upande wa pili ambalo nalo tunalifanya sana.

Sasa got na gotten, na hapa historia ndiyo inayofafanua.

Get, kwa umbo lake la leo, Kiingereza kililetewa na wageni. Kiingereza cha Kale, kile cha kabla ya mwaka 1100 hivi, kilikuwa na ndugu yake, lakini ndugu huyo karibu hasimami peke yake. Alijificha ndani ya vitenzi vyenye viambishi. Begietan ni kupata. Forgietan ni kusahau, yaani kitu kukutoka mkononi. Ongietan ni kuelewa. Katika karne ya 9 na ya 10 Waviking kutoka Denmark na Norway waliteka na kukaa sehemu kubwa za kaskazini na mashariki ya Uingereza, na mji wa York ukawa moja ya ngome zao. Lugha yao, Kinorsi cha Kale, ilikuwa karibu na Kiingereza kiasi kwamba majirani waliweza kuelewana kwa shida kidogo, na ilikuwa na kitenzi geta: kupata, kufikia, kuzaa, kuweza, hata kukisia. Karibu mwaka 1200 kitenzi hicho tayari kimo katika maandishi ya Kiingereza, kimesimama kwa miguu yake.

Ushahidi kwamba kimetoka kaskazini umo katika herufi ya kwanza. Katika Kiingereza cha Kale g iliyotangulia irabu kama e na i ililainika ikawa sauti ya y, ndiyo maana leo kuna yellow, yard, yield na yesterday, ambazo zamani ziliandikwa kwa g. Kwa kanuni hiyo forget ingepaswa kuwa foryet, na kweli maandishi ya Kiingereza cha Kati, kile kilichofuata cha Kale, yana foryeten. Get, forget na give zina g ngumu kwa sababu ya Kinorsi. Yai nalo lilipitia mvutano huohuo: Kiingereza cha kusini kilisema ey, wingi eyren, kaskazini wakasema egg. Mchapishaji William Caxton mwaka 1490 alisimulia habari ya mfanyabiashara aliyeomba eggys huko Kent, na mama mwenye nyumba akamjibu kwamba hajui Kifaransa. Mpaka mtu wa pili alipotaja eyren ndipo mama akaelewa. Leo egg ndiyo iliyobaki.

Nyuma zaidi mzizi huu unakutana na Kilatini prehendere, kukamata kwa mkono. Kutoka huko Kiingereza kimepata comprehend na prison. Kwa hiyo I get it, comprehend, na ongietan ya zamani zote zinatokana na wazo lile lile la kukishika kitu.

Kitenzi hiki kilibadilika irabu kilipokwenda wakati uliopita. Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 utakuta Abraham begat Isaac, ambayo kwetu ni "Ibrahimu akamzaa Isaka", Mathayo 1:2. Beget ni begietan ile ile, maana yake imesogea kutoka kupata kwenda kuzaa, kama Kiswahili kinavyosema amepata mtoto. Mfuatano wa zamani ulikuwa get, gat, gotten, na gat ikasukumwa na got. Wakati Waingereza wanahamia Amerika katika karne ya 17, got na gotten zote mbili zilikuwa zikitumika. Baadaye Uingereza ikaiacha gotten ikabaki na got peke yake, Marekani ikaihifadhi. Kwa hiyo mteja wako wa Marekani haharibu lugha; anatumia umbo la zamani kuliko la Mwingereza. Hata Mwingereza hajaliacha lote: anasema forgotten bila kufikiri, na mali ya haramu anaiita ill-gotten.

Mmarekani amelipa gotten kazi maalumu, na ni vizuri uijue ili umsome sawasawa. I've got the documents, kwake, ni ninazo. I've gotten the documents ni nimezipata, zimefika. Mwingereza anasema I've got kwa zote mbili na kuuachia muktadha kazi. Wewe andika kwa desturi ya Kiingereza cha Uingereza, ndiyo inayofundishwa katika shule zetu na ndiyo wenzako watakayoitarajia, lakini usichanganye zote mbili katika barua moja.

Na have got yenyewe? Ilianza kama "nimepata", na kwa kuwa aliyepata anacho, ikageuka kuwa "nina". I've got two trucks ni sawa na I have two trucks, ila ya kwanza ni ya mdomoni zaidi. Ina mipaka mitatu. Hukaa katika wakati uliopo: jana nilikuwa na magari mawili ni I had two trucks. Haitumiki kwa mazoea: I have tea at ten, si I've got tea at ten. Na ukianza nayo, ibaki nayo katika kukanusha na kuuliza: haven't got, have you got?, si don't have got. Ikiongezewa to inakuwa lazima: I've got to go. Kwenye filamu utasikia gotta, na I got a problem bila have. Usiziandike kazini, maana msomaji atasoma I got a problem kama jambo lililokwisha kupita.

Neno moja kuhusu matamshi. Usiongeze irabu mwishoni. Get yenye i mwishoni inakuwa geti letu la nyumbani, ambalo limetokana na neno jingine la Kiingereza, gate. Ulimi ushike t na kuishia hapo. Mmarekani akisema get it utasikia kama "gedi", t imelegea kati ya irabu mbili. Hilo ni jambo la kawaida kwao na huna haja ya kuliiga.

Sasa ombi la meneja wako. Yuko sahihi kwamba barua ya kikazi isijae get. Sababu yenyewe ni kwamba neno hili ni pana mno kiasi cha kuficha nani alifanya nini, na katika kazi ya forodha hilo linagharimu pesa. Tazama barua hii: We got your documents on Monday but we didn't get the invoice. The officer got angry because he got wrong figures. Please get it to us so we can get the release order and get the container out before it gets storage charges. Kila get ina maana yake, na msomaji anaachiwa kazi ya kuipambanua. Iandikwe hivi: We received your documents on Monday, but the invoice was not included. The customs officer rejected the declaration because the figures were incorrect. Please send us the invoice so that we can obtain the release order and clear the container before storage charges accrue.

Angalia nilichofanya. Sikubadilisha get kwa neno moja refu kila mahali. Nimeuliza kila mara kitendo halisi ni kipi: kupokea, kukosekana, kukataa, kutuma, kutoa. Hasira ya ofisa nimeiacha nje kabisa, mteja haimhusu. Pia obtain si mbadala wa kila kupata. Obtain ni kupata kwa kufuata utaratibu au kwa juhudi, kwa hiyo hufaa kwa vibali, hati na ruhusa. Barua iliyokuja yenyewe ni received. Mali na ujuzi ni acquire. Mshahara ni earn. Zabuni ni win. Anayeandika I obtained your email anasikika kama aliitafuta barua hiyo kwa mlango wa nyuma.

Lakini kuzifuta zote, kama meneja anavyotaka, kutafanya barua zako ziwe ngumu kama mti mkavu. Kuna get ambazo hata wakurugenzi wa Uingereza wanaandika bila wasiwasi. Please get in touch, wasiliana nasi. Let's get started, tuanze. Get to know, kufahamiana. Get rid of, kuondoa kabisa. Get through, kumpata mtu kwenye simu baada ya kujaribu: I couldn't get through to the shipping line. Get used to, kuzoea, na hapa to hufuatwa na -ing: We are getting used to working with the new system, si used to work. Used to work, bila get, ni jambo jingine: alikuwa akifanya kazi zamani, sasa hafanyi.

Ya mwisho ni I'll get back to you, nitakujibu baadaye, ambayo wengi wa kwetu huandika I will come back to you au I will return to you. Come back to you inakubalika. Return to you inamfanya mteja adhani unasafiri kumfuata. Get back to you ni ya adabu na inafaa ofisini, mradi useme lini: I'll get back to you by Thursday. Mteja anayelipia kontena lililokaa bandarini anaihitaji siku hiyo kuliko kitu kingine chochote katika barua yako.